Rangi Inayochuja na Mambo Iliyoyafichua

Rangi za fluoresensi zina tabia mbaya ambazo kila mtu wa maabara amewahi kuzilaani. Zikipigwa mwanga mkali, zinachuja kama khanga iliyoanikwa juani mwezi mzima, ila zenyewe huchukua sekunde chache tu. Mng'ao wake hautabiriki: rangi moja huzimika majini na kuwaka penye mafuta, nyingine hufifia kwa sababu ya kitu kilichokaa jirani yake. Ukizitazama molekuli chache, hazitulii. Zinapepesa, zinapanda na kushuka. Masimulizi ya kawaida ya historia yake huzihesabu tabia hizi kuwa vikwazo vilivyoshindwa kimoja baada ya kingine, hadi tukafikia picha za kupendeza tulizonazo leo. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume. Katika uchunguzi wa protini na wa utando unaoizunguka seli, habari nzito kuliko zote zilitoka kwenye kasoro zenyewe, pale mtu alipoacha kuzikwepa na kuanza kuzipima.

Chanzo cha historia hii ni dawa ambayo Afrika Mashariki nzima iliijua kwa uchungu: kwinini. Maji yenye kwinini yakiwekwa juani huonyesha samawati hafifu kwenye uso wake, na John Herschel aliiandika hali hiyo mwaka 1845. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, kisha akausogeza mrija wa maji ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu, njano na kijani hakikutokea kitu. Mrija ulipofika ukingo wa urujuani na kuvuka kwenda gizani, pale ambapo jicho halioni mwanga wowote, maji yakawaka samawati. Stokes akaeleza kwamba maji yale yalikuwa yakimeza mwanga usioonekana na kuutoa tena ukiwa na wimbi refu zaidi. Leo tunajua kinachotokea ndani. Molekuli inapomeza mwanga, elektroni zake hupanda ngazi ya nishati, hupoteza sehemu ya nishati hiyo kama joto, kisha hushuka na kutoa mwanga. Kati ya kumeza na kutoa hupita nanosekunde chache, yaani sekunde chache zilizogawanywa kwa bilioni. Muda huo unaonekana si kitu, lakini kwa molekuli ni mrefu: inaweza kujizungusha, kugongana na maji, kumpa jirani nishati yake, au kuharibika kabisa. Kasoro zote nilizozitaja huzaliwa katika kipindi hicho.

Matumizi ya mwanzo hayakujali hayo. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini, rangi ambayo hata ikiwa kidogo sana majini hung'aa kijani. Mwaka 1877 kilo 10 za rangi hiyo zilimwagwa pale ambapo mto Danube hudidimia ardhini kusini mwa Ujerumani, na baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, ambayo maji yake huishia mto Rhine, ikatoka kijani. Hapo rangi ilikuwa alama tu ya kuonyesha njia. Hadubini nayo iliingia katika habari hii kwa bahati mbaya. August Köhler, akifanya kazi kwa kampuni ya Zeiss mjini Jena, alitumia urujuanimno mwaka 1904 ili aone vitu vidogo zaidi, na akakerwa kuona kwamba vipande vya tishu vilikuwa vinang'aa vyenyewe na kumharibia picha. Kabla ya muongo mmoja kupita, Heimstädt na Lehmann walikuwa wameunda hadubini zilizokusudiwa kuutazama mng'ao huohuo. Kero ya Köhler ilikuwa imegeuka kuwa chombo, na mtindo huo ungejirudia.

Ni haki kuipa heshima kazi ya rangi kama alama, maana bila hiyo hoja yangu itakuwa ya upande mmoja. Albert Coons, daktari wa Harvard, alitaka kuona mahali hasa ambapo vijidudu na mabaki yake hukaa ndani ya tishu. Wazo lake lilikuwa kuchukua kingamwili, protini ambayo hushika shabaha moja na kuziacha nyingine, na kuifunga rangi mgongoni. Mwaka 1941 yeye na wenzake walitangaza kwamba kingamwili dhidi ya bakteria wa nimonia, zikiwa zimeshikishwa molekuli yenye asili ya antraseni, bado ziliitambua shabaha yake. Tatizo lilikuwa kwamba antraseni hung'aa samawati, na tishu nazo hung'aa samawati. Wakahamia fluoresini, ambayo ukijani wake ulijitenga vizuri, ingawa kuitengeneza katika umbo la kujishika kwenye protini kulihitaji fosjini, gesi ileile iliyoua askari katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1958 ikapatikana njia isiyo na hatari hiyo, na tangu hapo mbinu ya Coons imeenea kila maabara ya tiba. Hata makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, yakipakwa auramini na kutazamwa kwa hadubini ya fluoresensi katika hospitali ya Dar es Salaam au Nairobi, yanafuata mantiki hiyohiyo: penye mng'ao, pana bakteria. Lakini mantiki hiyo ina mpaka. Inajibu swali la wapi. Haisemi kitu kile kina umbo gani, kinakwenda kasi gani, wala kimegusana na nani.

Aliyeuvuka mpaka huo ni Gregorio Weber, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu jina lake halijulikani nje ya fani kiasi linavyostahili. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1916, akaenda Cambridge kusoma chini ya Malcolm Dixon, akapata udaktari wake mwaka 1947. Weber aliisoma upya kazi ya Mfaransa Francis Perrin ya mwaka 1926. Perrin alionyesha kwamba ukiipiga rangi kwa mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja, mwanga unaorudi hupoteza mwelekeo huo kadiri molekuli inavyojizungusha kabla ya kuutoa. Molekuli ndogo majini hujizungusha upesi mno, hivyo mwelekeo hupotea karibu wote. Mtu aliyetaka alama safi asingekuwa na haja na habari hiyo. Weber aliona kwamba upotevu huo ni saa. Ukiifunga rangi kwenye protini kubwa, rangi italazimika kuzunguka kwa mwendo wa protini, na kiasi cha mwelekeo kinachobaki kitakuambia protini ile ina ukubwa gani na kama imekaza au imelegea. Ili saa hiyo ifanye kazi alihitaji rangi ambayo hukaa na nishati muda mrefu kidogo kabla ya kutoa mwanga, basi akaitengeneza: kloridi ya dansili. Mwaka 1952 alichapisha vipimo vya protini ya ute wa yai na vya albumini ya damu ya ng'ombe vilivyofanywa kwa njia hiyo. Hakuna picha hata moja iliyohitajika. Kulikuwa na kichupa cha maji, vichujio vya mwanga, na namba.

Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Laurence waliandika juu ya kundi la rangi ambalo mtu wa alama angelitupa. Mojawapo, inayojulikana kwa kifupi kama ANS, karibu haing'ai kabisa ikiwa majini. Ikijichomeka kwenye albumini inawaka. Lubert Stryer aliifuatilia mwaka 1965 kwa kutumia mioglobini iliyonyang'anywa hemu yake, ile sehemu yenye chuma inayobeba oksijeni. Majini, ANS ilirudisha chembe za mwanga 4 tu kati ya kila 1,000 ilizozimeza. Ndani ya tundu lililoachwa wazi na hemu ilirudisha 980, na mng'ao wake ukahama kutoka wimbi la nanomita 515 hadi 454. Hemu iliporudishwa, rangi ikafukuzwa na mwanga ukazimika. Kwa hiyo kuzimika majini, ambako kwa mtu wa alama ni hasara tupu, kulikuwa kumethibitisha kwamba ndani ya protini ile kuna shimo lisilopenda maji, na kwamba ndipo hemu hukaa. Mwaka 1967 Stryer na Richard Haugland walifanya jambo la kijasiri zaidi. Theodor Förster alikuwa ameeleza tangu miaka ya 1940 kwamba rangi moja inaweza kuiibia nyingine nishati bila mwanga kupita kati yao, na kwamba wizi huo hupungua kwa kipeo cha 6 cha umbali. Wao waliweka rangi mbili kwenye ncha za mnyororo wa prolini, wakaurefusha mnyororo hatua kwa hatua kutoka nanomita 1.2 hadi 4.6. Nishati iliyohama ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 16, na kipeo walichokipata kilikuwa 5.9. Kufifia kwa rangi kwa ajili ya jirani kukawa rula ya kupimia vitu ambavyo hadubini ya wakati huo isingeweza kuvitenganisha hata kidogo.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe tukifika kwenye utando wa seli, na ni zito. Jaribio lililojulikana kuliko yote katika uwanja huu halikutegemea kasoro yoyote. Kufikia miaka ya 1960 ilikubaliwa kwamba utando ni tabaka mbili za mafuta, wazo ambalo Gorter na Grendel walikwisha kulitoa mwaka 1925. Mabishano yalikuwa juu ya protini, kama zimegandamana au zina uhuru wa kutembea. Mwaka 1970 L. D. Frye na Michael Edidin waliunganisha seli za panya na za binadamu kwa kutumia virusi vya Sendai. Protini za panya waliziwekea kingamwili zenye fluoresini, za binadamu zenye rodamini, hivyo seli moja ikawa nusu kijani na nusu nyekundu. Baada ya dakika 40 kwenye joto la nyuzi 37, karibu seli zote zilikuwa zimechanganya rangi hizo mwili mzima. Sumu za kuzuia utengenezaji wa protini hazikuzuia mchanganyiko huo. Baridi ya chini ya nyuzi 15 iliuzuia. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson walitoa mfano wao wa utando kama mafuta yanayotiririka yenye protini ndani yake, na jaribio hili likawa mmoja wa mashahidi wao wakuu. Hapo rangi ilikuwa alama, kama ile ya Danube, na ikatosha.

Ilitosha kwa swali moja tu. Kwamba baadhi ya protini hutembea, ndiyo. Lakini jaribio la Frye na Edidin lilihitaji seli mbili zilizounganishwa kwa virusi, na halikuweza kusema kwa uhakika mwendo ni upi wala ni sehemu gani ya protini ambayo haitembei kabisa. Ukiangalia doa kijani lililosambaa, zile zilizobaki palepale hazijitofautishi na zile zilizotembea na kurudi. Ndipo kuchuja kukaingia kazini. Mwaka 1974 Reiner Peters na wenzake nchini Ujerumani walizitia fluoresini protini za utando wa seli nyekundu za damu, wakaichuja nusu ya seli kwa makusudi kwa mwanga mkali, wakasubiri. Kama protini zingekuwa huru, zile za upande wenye rangi zingeingia upande uliochujwa na mng'ao ungerudi. Dakika 20 zilipita na mng'ao haukurudi. Katika seli hiyo protini zimefungwa na wavu ulio chini ya utando, jambo ambalo wanafunzi waliokariri mfano wa mafuta yanayotiririka bado hulisahau. Mwaka 1976 Axelrod, Koppel, Schlessinger, Elson na Webb waliiweka mbinu hiyo katika hesabu kamili: chuja doa dogo kwa leza, pima mng'ao unavyorudi, na mchoro wake utakupa namba mbili, kasi ya mwendo na sehemu isiyotembea. Namba hizo zilipokusanywa kutoka seli mbalimbali zilionyesha protini zikienda polepole mno kuliko zinavyokwenda katika utando wa mafuta matupu uliotengenezwa maabara, na nyingine zikiwa hazitembei hata kidogo. Picha ya Singer na Nicolson haikuanguka, lakini ilibidi ipunguze uhuru wake. Kilichoirekebisha ni tabia ambayo wauzaji wa rangi wamekuwa wakishindana kuiondoa.

Mtu anaweza kusema sifa hii ni ya leza, na rangi imeibebea bure. Ni kweli kwamba bila leza na vipokezi bora vya mwanga hesabu za 1976 zisingewezekana. Lakini tuangalie leza ilifanya nini. Iliongeza mwanga, na kwa hiyo ikaongeza kuchuja. Ilikifanya kidonda kuwa kikubwa zaidi. Chombo kilikuwa kimepatikana, na bado ilihitajika akili ya kuona kwamba uharibifu huo una saa ndani yake. Ushahidi mwingine ni kazi ya Magde, Elson na Webb ya mwaka 1972 huko Cornell. Walielekeza leza kwenye kijisehemu kidogo cha maji yenye rangi, na mng'ao ukawa unayumba kwa sababu molekuli chache zilikuwa zikiingia na kutoka. Mpimaji wa kawaida angeongeza rangi ili kuyumba kuishe. Wao waliipima ile hali ya kuyumba, na ndani yake wakapata kasi ya molekuli na jinsi rangi inavyoshikana na kuachana na DNA.

Pingamizi la pili ni la mtu anayeogopa hekima ya baada ya tukio. Atauliza: ni kasoro ngapi ambazo hazikuzaa chochote, na je, hatuchagui zile zilizofaulu tu? Ni swali la haki. Jibu langu ni kutazama rangi ziliagizwaje baada ya Weber. Kama kasoro zingekuwa bahati nasibu, watengenezaji wangeendelea kuziondoa. Badala yake tangu hapo kuna koo mbili. Ukoo mmoja unatafuta rangi thabiti isiyojali mazingira, ifanye kazi ya alama. Wa pili unatafuta kwa makusudi rangi inayoathirika: Weber mwenyewe, akiwa Illinois, alileta PRODAN mwaka 1979, ambayo mng'ao wake huhama kufuatana na maji yaliyoizunguka, na ndugu yake LAURDAN, yenye mkia mrefu wa mafuta, hujichomeka ndani ya utando. Utando ukikaza, maji hupungua ndani yake na LAURDAN hung'aa karibu na nanomita 440. Ukilegea, hung'aa karibu na 490. Kampuni ya Molecular Probes, ambayo Haugland na mkewe Rosaria waliianzisha mwaka 1975, iliuza za koo zote mbili katika katalogi moja. Mtu haagizi kwa bahati nasibu kitu ambacho ameanza kukibuni.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulijibu lote. Rangi ikiathirika sana na hali ya jirani zake, jirani nao wanaathirika na rangi. Mwaka 1971 Taylor, Duffus, Raff na de Petris walionyesha kwamba kingamwili zenye mikono miwili zinazitambua protini za utando wa limfositi (aina ya seli nyeupe za damu) na kuzivuta pamoja, zikakusanyika upande mmoja wa seli kama kofia. Chombo cha kutazamia kilikuwa kimeuhamisha mwili uliokuwa ukitazamwa. Waliligundua hilo, wakalitangaza, na likawa ushahidi mwingine kwamba protini hutembea. Lakini si kila wakati mvurugo hujitangaza. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walipendekeza kwamba ndani ya utando mna visiwa vya kolesteroli na mafuta ya sfingo vinavyobeba protini fulani pamoja, na tangu hapo mabishano hayajatulia, kwa sababu visiwa hivyo, kama vipo, ni vidogo kuliko nanomita 200 ambazo hadubini ya kawaida ya mwanga huishia. Mwaka 2006 Ayuyan na Cohen walitoa onyo la kutisha: kuziangaza rangi kwenye vifuko vya mafuta vilivyotengenezwa maabara kulizalisha mafuta yaliyooksidishwa, na mafuta hayo yalikuza visiwa vikubwa. Baadhi ya visiwa vilivyopigwa picha kwa fahari vilikuwa vimechorwa na taa yenyewe.

Hata hivyo uchunguzi haukuiacha rangi. Ulirudi kwenye tabia zake nyingine mbaya. Mwaka 1997 Dickson, Cubitt, Tsien na Moerner walikuwa wameripoti kwamba molekuli moja moja za protini inayong'aa kijani huwaka na kuzimika ovyo, na kwamba zilizozimika zinaweza kuwashwa tena. Mwaka 2006 makundi ya Eric Betzig na Xiaowei Zhuang yaliutumia upepesaji wa namna hiyo kwa kuacha chache ziwake kwa zamu, kukadiria kitovu cha kila moja, na kuijenga picha yenye uwazi wa makumi ya nanomita. Stefan Hell alitumia njia nyingine, ya kuzizima kwa nguvu rangi zote isipokuwa zile za katikati ya doa la leza. Mwaka 2009 Eggeling, Hell na wenzao waliiunganisha mbinu hiyo na vipimo vya kuyumba vya 1972. Waliweka rangi kwenye mafuta ya aina mbili ndani ya seli hai. Aina ya kawaida ilipita bila kusimama. Mafuta ya sfingo yalinaswa kwa milisekunde 10 hadi 20 katika maeneo yaliyo chini ya nanomita 20, na kolesteroli ilipopunguzwa, kunaswa huko kukapungua. Kama maeneo hayo ndiyo visiwa vya Simons na Ikonen, au ni molekuli zinazoshikana na protini kwa muda mfupi tu, kipimo hicho hakikuamua, na pande zote mbili za mabishano hukitaja kuwa ushahidi wao.